Nguo za Haritina

Fundul Viei, 4 Machi 2007

Steliana mwanangu,

Huku sote wazima. Theluji imeyeyuka na uwanja wote ni tope, kuku hawana pa kukanyaga. Mbuzi amezaa mapacha, mmoja mweupe, mmoja mkorofi. Baba yako bado hajaandika kutoka Urusi; usiniulize, nami sikuulizi. Ile kofia uliyonitumia nimeivaa kanisani na wanawake wakanigeukia mpaka padri akakohoa.

Barua hii nampa dereva wa basi la Jumapili. Simu sitaki, maana simu iko sebuleni kwa Haritina, na jambo lenyewe linamhusu yeye Haritina. Utanielewa.

Jirani yetu, maskini, ana shida. Tangu msimu wa zabibu akikohoa, akicheka, akiinua ndoo, mkojo unamtoka. Siku nyingine kidogo, siku nyingine si kidogo. Anajifunga vipande vya shuka kuukuu kwa pini. Nepi za kutupa hazitaki: muuzaji wa duka la dawa ana mdomo, kabla hujafika nyumbani kijiji kizima kimeshajua ulichonunua. Tena huku takataka hazizolewi na mtu. Azichome kwenye jiko la kuni, huo moshi aupeleke kwa nani? Na alizojaribu zilimtoa vipele. Amesikia kuna nepi za kitambaa za watu wazima, za kufua na kuvaa tena. Wewe huko ugenini unamtunza yule mzee wako, Bi Ornella, mambo haya unayajua. Niambie, nami nitamwambia.

La pili ni harusi. Nimefurahi mpaka nimelia nikikanda unga. Huyo Doru mwambie nampenda kabla sijamwona. Lakini kwenye benchi la radhi, pale bibi harusi anapowapigia magoti wazazi wake, mweke Catinca, binamu ya marehemu mama yako. Miguu yangu siku hizi haitaki kukaa mbele za watu. Mimi nitakuwa jikoni na kabichi zangu, huko ndiko ninakofaa.

Shangazi yako,
Parascovia


Padova, 18 Machi 2007

Shangazi yangu, shikamoo,

Mimi mzima, Doru mzima, anakusalimu na anasema hiyo kabichi ameshaanza kuiota. Bi Ornella naye hajambo. Jana alinifukuza chumbani kwa sababu nilimsomea gazeti kwa lafudhi ya kwetu. Alikuwa mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu hastaafu. Mapacha wa mbuzi nimewapenda, huyo mkorofi usimchinje mpaka nije.

Sasa Haritina. Kwanza amwone daktari, na daktari wa wilayani kama hapo kijijini anaona haya. Wakati mwingine ni ugonjwa wa mkojo tu, dawa ya wiki inaumaliza. Wakati mwingine ni misuli imelegea, inafundishwa. Pili, asiache kunywa maji. Najua ameacha. Wote huacha, halafu mkojo unakuwa mkali na ngozi inawashwa zaidi.

Nepi za kitambaa zipo, na ni nzuri. Kama ni matone ya kukohoa, kuna chupi za kawaida zilizoshonewa pedi katikati. Ukizianika hakuna atakayezigundua. Kama ni zaidi, ni nepi kamili ya vifungo pembeni. Ndani pamba ni laini na inakauka upesi. Kitambaa cha mianzi kinanyonya zaidi ila kinachelewa kukauka, hicho ni cha usiku. Nje kuna utando mwembamba usiopitisha maji. Na asichague kubwa akidhani kubwa ndiyo salama! Ikilegea mapajani inavujia pembeni. Nipimie kiuno chake, nyonga na paja.

Kuhusu benchi, sitaki kusikia. Pale wanakaa waliomlea bibi harusi. Catinca alinilea lini? Mara moja alinipa tufaha, tena lilikuwa na mdudu.

Binti yako,
Steliana


Fundul Viei, 22 Aprili 2007

Mwanangu,

Kristo amefufuka. Nimechelewa kukujibu, ilikuwa Pasaka, na baada ya Pasaka wafu nao wana siku yao. Kaburi la mama yako nililipaka rangi ya bluu mapema, Alhamisi, wakati hakuna mtu. Siku yenyewe ya kula makaburini sikwenda. Watu walikaa kutwa kwenye nyasi, wakala, wakanywa, wakasimuliana. Mimi nilimpa Catinca mkate na mayai mekundu ampelekee mama yako. Miguu.

Haritina kaenda kwa daktari wa wilayani. Daktari kasema hakuna ugonjwa, ni misuli, kampa mazoezi ya kubana na kuachia ambayo anayafanya akikamua mbuzi. Yaani akikamua ng'ombe, Haritina hana mbuzi. Yamepunguza kidogo lakini hayajamaliza. Hizo nepi anazitaka. Vipimo hivi: kiuno sentimita mia na nne, nyonga mia na ishirini na mbili, paja sitini na nane. Anapenda rangi isiyoonyesha.

Padri anauliza kama harusi ni Oktoba tarehe sita. Nimemwambia ndiyo. Na Catinca nimeshamgusia lile la benchi, amekubali haraka mno, amekwenda kutazama kitambaa cha gauni.

Bi Ornella msalimie. Mwambie huku kwetu lafudhi yako haina kasoro.

Shangazi


Padova, 6 Mei 2007

Shangazi mpenzi,

Nimesoma vipimo mara mbili. Makubwa! Haritina amenawiri hivyo? Mwaka juzi nilipokuja alikuwa mwembamba kiasi kwamba nilihofia kumkumbatia. Sawa, maji yamemsaidia.

Kifurushi anacho dereva, kimefungwa kwa mkanda wa kahawia, juu nimeandika "mapazia" ili asichungulie. Za mchana ni za kijivu, za usiku za bluu iliyoiva. Sasa soma haya kwa sauti, na umsomee naye:

Azifue zote mara kadhaa kabla ya kuvaa, maana kitambaa kipya kina mafuta yake, hakinyonyi. Ikilowa, aisuuze na maji baridi kwanza, maji ya moto yanagandisha harufu ndani. Sabuni kidogo. Dawa ya kulainisha nguo hapana kabisa, itanukia maua lakini haitanyonya tena. Aanike nje kwenye hewa, si juu ya jiko. Abadilishe mara tu anapohisi unyevu, asingoje, na ngozi ikauke kwanza kabla ya kuvaa nyingine. Ndiyo siri yote.

Catinca mwambie gauni ashone, litamfaa Krismasi.

Hapa si mbaya. Nimechoka kidogo, ni majira tu.

Steliana wako


Fundul Viei, 3 Juni 2007

Steliana,

Salamu za kijiji utazipata siku nyingine, leo nina hasira.

Hizo nepi zako ni takataka. Haritina alizifua kama ulivyosema. Alizitia kwenye sufuria kubwa ya uani, akazichemsha na sabuni nyeupe mpaka zikatoa povu juu ya kuni, kisha akazipiga pasi ya moto pande zote mbili. Mwanamke gani mwenye adabu zake anavaa nepi isiyopigwa pasi? Wewe mwenyewe ulipokuwa mchanga nilizipiga zako pande zote mbili, mbele na nyuma, usiku na mchana, na hukutoka hata kipele kimoja! Basi ule utando wa nje ukalia chwaa, ukanata kwenye pasi, ukajikunja. Pasi yangu imeharibika. Alikuja kuzipigia kwangu.

Nyingine zilionekana nzima, akavaa moja Jumapili Kuu ya Pentekoste, kanisani. Unajua siku ile kanisa linavyotandikwa majani ya mjozi na watu wote wanapiga magoti wakati padri anasoma zile sala ndefu. Akapiga magoti. Akajisikia salama, Steliana, alikuwa na furaha, alikuwa hajapiga magoti kanisani tangu majira ya baridi. Alipoinuka, majani pale alipokuwa yalikuwa yamelowa na sketi nyuma imelowa. Akina mama wawili waliona. Mmoja akatazama dari. Mwingine akamvulia shali yake akamfunga kiunoni bila neno, na huyo ndiye aliyemuumiza zaidi, kwa wema wake.

Amesema hatoki tena. Ameniambia nikuambie usitume kitu.

Na benchi ni la Catinca. Nimekwisha sema, sitaki barua nyingine juu ya hilo.

Parascovia


Padova, 24 Juni 2007

Shangazi,

Nimeichukua barua yako nikaenda nayo ukumbini, nikaketi kwenye ngazi nikalia. Mwambie Haritina nilimlilia. Mwambie pia kosa ni langu: nilisema "sabuni kidogo" na sikusema "usichemshe, usipige pasi". Niliwasahau wanawake wa kwetu! Nepi isiyochemshwa kwetu si nepi, ni dhambi. Ule utando ni plastiki nyembamba, Shangazi, moto unaupasua nyufa ambazo jicho halioni, halafu inavuja siku ile ile unapoiamini.

Amesema nisitume. Nimetuma. Mara hii ni za sehemu mbili. Ya ndani ni pamba tupu: aichemshe, aipige pasi pande zote mbili mpaka mkono umuume, nayo haitadhurika. Ya nje, ile yenye utando, inavaliwa juu yake. Hiyo maji ya uvuguvugu na kivuli, basi. Ajaribu nyumbani kwanza. Apige magoti sakafuni, ainuke, acheke, anyanyue ndoo. Akishaizoea ndipo atoke.

Kuhusu lile ulilonikataza kuandika, naandika mstari mmoja. Nikipiga magoti mbele ya Catinca, nitamwomba radhi ya kitu gani?

Steliana


Fundul Viei, 5 Agosti 2007

Steliana mwanangu,

Tulia, nina habari.

Juzi nilianika zile za ndani kwenye kamba ya nyuma, katikati ya shuka mbili kama ninavyofanya siku zote. Upepo ukainua shuka. Na nani anaegemea uzio anatazama? Haritina mwenyewe, Haritina wa mwili wa uzi. Nikasema moyoni, basi, nimekwisha. Akaingia getini, akakaa kibarazani, akanyamaza, na Haritina akinyamaza ujue kuna msiba. Kisha akasema, "Parascovia, hizo umezitoa wapi?" Nikasema, "Zipi?" Akasema, "Usinizungushe, dada. Mimi nina miaka mitatu najifunga taulo."

Nilicheka, Steliana. Nilicheka mpaka zikanilowa zile nilizovaa, na yeye akacheka mpaka taulo lake nalo likalowa. Tulikaa pale wanawake wawili wazima tumelowa, hakuna wa kumcheka mwenzake, tukala mkate wote wa jibini niliokuwa nimemwekea padri.

Basi tuma nyingine, mara hii za Haritina kweli. Vipimo vyake nimeviandika nyuma ya karatasi. Na zile nyingine, na barua zote zile, na yale majani ya mjozi, nadhani umeshaelewa zilikuwa za nani. Sikuweza kukuambia. Wewe nilikufunga nepi kwa mikono hii. Niliona ni kinyume, wewe kunifunga mimi.

Sasa nikwambie na la benchi, maana miguu yangu haina neno. Naogopa. Naogopa nikae pale mbele ya kijiji na wakwe zako, nikuombee, kisha niinuke na nyuma yangu kumelowa, na watu wakumbuke hilo kwenye harusi yako. Ulikuwa na miezi minne ulipokuja kwangu. Nimengoja siku ile kuliko wewe. Ndiyo maana siwezi kuiharibu.

Mbona Bi Ornella humtaji? Barua mbili nzima hujamtaja.

Shangazi yako


Padova, 26 Agosti 2007

Shangazi yangu,

Nilijua tangu Machi. Haritina hajawahi kukukodishia shida zake uziandikie barua ndefu namna ile. Nilinyamaza kwa sababu nilijua ukitaka kusema utasema, na nikikufumania utafunga mlango. Usiniambie ni kinyume. Mikono ile uliyonifungia nepi ndiyo iliyonifundisha kazi ninayoifanya hapa. Sikuijua kwa mtu mwingine.

Umeuliza, nikujibu. Bi Ornella alifariki Mei, siku chache baada ya kutuma kifurushi cha kwanza. Nilikuwa nimemgeuza upande, namsomea, akaniambia nirudie sentensi vizuri. Niliporudia alikuwa amekwenda. Sikukuandikia kwa sababu ungesema nirudi nyumbani, na mimi nilitaka kazi nyingine kwanza. Nimeipata, ni mzee mmoja mpole. Lakini sijamlilia Bi Ornella vizuri. Watoto wake walikuja, wakalia wao, mimi nilikuwa nakunja shuka. Nikianza, Doru ananiuliza kama nimekula. Ni mwema, ila hajui.

Sasa harusi. Vaa gauni la kijani kilichoiva, lile zito. Ndani vaa ya usiku, si ya mchana, na ubadilishe kabla tu ya muziki kuanza. Haritina atalinda mlango, naye umlindie wa kwake. Kunywa maji kama kawaida. Usikae umejibana muda wote, misuli inachoka na inakusaliti.

Na ukilowa, Shangazi, umelowa. Mimi benchi lisilo na wewe silipigii magoti. Nitasimama na kitambaa changu cha harusi mpaka wageni wale wamalize waende zao. Ukaidi huu nao umenifundisha wewe.

Steliana


Fundul Viei, 14 Oktoba 2007

Mwanangu na Doru wako,

Natumaini basi liliwafikisha na kabichi haikumwagika. Huku uwanja bado una madoa ya mvinyo, mbuzi mkorofi alikula nusu ya shada la maua la mlangoni, na wanamuziki walisahau ngoma, wameirudia leo. Catinca amenuna lakini gauni lake lilipendeza, nimemwambia, akanuna kidogo zaidi.

Mlikuwa mnaondoka haraka, watu wamejaa, hatukusemezana. Kwa hiyo nakuandikia.

Nilibadilisha kama ulivyosema. Haritina alisimama mlangoni na mwiko mkononi, mkwe wako mwanamume alitaka kuingia kutafuta koti lake akafukuzwa. Kisha nikaenda kukaa. Walitandika zulia, ninyi mkapiga magoti, yule mzee msemaji wa harusi akaanza kusoma maneno ya radhi, yale ya mama anayebaki na nyumba tupu, na kila mtu analia isipokuwa mimi. Nikuambie ukweli? Sikusikia hata neno moja. Nilikuwa nimebana kila kitu nilicho nacho. Nilikuwa nawaza: benchi, benchi, benchi.

Ndipo ukaweka kichwa mapajani mwangu.

Nilidhani utalia kama mabibi harusi wanavyolia, kidogo, kwa kulinda poda. Steliana, ulilia mpaka mabega yanaruka. Mzee akamaliza kusoma, wewe hujamaliza. Wanamuziki wakarudia wimbo mara ya pili, hujamaliza. Nikakuinamia nikakuuliza, "Unamlilia nani, mwanangu?" ukasema, "Wote." Nikakushika kichwa, nikasahau benchi. Nikasahau kubana. Nilikuwa nakupapasa shingoni pale pale nilipokuwa nakupapasa ulipokuwa na surua, nikasema, "Radhi zangu zote unazo, ulizipata zamani, hata kabla hujajua kuziomba." Sijui kama ulinisikia.

Kisha nikainuka nikupe mkate. Na gauni langu lilikuwa limelowa. Mbele yote, toka mapajani hadi magotini, limelowa chapachapa, na wanja wako umeacha michirizi. Mama mkwe wako akatazama. Catinca akatazama. Kijiji kizima kikatazama gauni la Parascovia limelowa.

Nami nikasimama wima na mkate wangu, sikulificha. Nilitaka walione. Wakaanza kucheza, nikaingia kwenye duara nikashika mikono nikacheza nalo hivyo hivyo, Haritina kushoto kwangu.

Kama na nyuma kulikuwa kumelowa, sijui, mwanangu. Sikwenda kuangalia.

Shangazi yako,
Parascovia